Chora maji kwanza: shajara ya mabango ya mwili wa sifongo

Februari

Tumekubaliana, mimi na mwenzangu anayefinyanga mifano, kwamba tutatengeneza mabango makubwa yanayoonyesha mwili wa sifongo wa baharini, pamoja na mfano mmoja wa kushikika. Tunawalenga wanafunzi wa sekondari na mtu yeyote aliyewahi kushika sifongo mkavu bila kujua kwamba alichoshika ni mabaki ya mnyama.

Kinachonisukuma ni mchoro ule ule unaorudiwa katika vitabu vya biolojia: mtungi mwembamba, ukuta wenye vitundu, mishale mingi inaingia ubavuni na mmoja unatokea juu. Mchoro huo si wa uongo. Wapo sifongo wa umbo hilo, linaloitwa askonoidi, kwa mfano wale wa jenasi Leucosolenia, nao ni wadogo na wembamba. Ila sifongo walio wengi hawafanani nao hata kidogo. Spishi zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinazidi 9,000, na zaidi ya nne kwa tano ni za ngeli ya Demospongiae, ambamo mtungi mtupu wa namna hiyo haupo. Mwanafunzi aliyekariri mtungi akikutana na sifongo halisi aliyekatwa katikati hatambui kitu. Anaona nyama yenye matundu ovyo ovyo, kumbe kila tundu lina kazi yake na mwelekeo wake.

Kwa hiyo kanuni ya mradi nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: chora maji kwanza. Sifongo hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana matamvua, hana neva. Kazi ambazo wanyama wengine wamezigawia viungo, yeye amezikabidhi kwa maji yanayompitia: yanaleta chakula na oksijeni, yanaondoa taka, yanasafirisha mbegu za uzazi. Asiyeijua njia ya maji hawezi kueleza kwa nini seli fulani imekaa pale ilipokaa.

Februari, mwishoni

Kona moja ya bango la kwanza nimeitengea historia, kwa sababu inaonyesha kwamba hata wataalamu walimfahamu sifongo kupitia maji. Aristotle aliandika kwamba sifongo hujikunyata anapohisi anataka kung'olewa, na kwamba akivunjwa huota tena kutokana na kipande kilichobaki mwambani. Hata hivyo, kwa karne nyingi watu waliendelea kumweka kati ya mimea na wanyama. Mwaka 1765 John Ellis alieleza kwamba maji hupita ndani yake. Kisha, mwaka 1825, Robert Edmond Grant wa Edinburgh akaeleza jinsi alivyoweka kipande hai chini ya hadubini ndani ya maji ya bahari na kuona maji yakifyatuka kutoka kwenye tundu, yamebeba vipande vya taka. Tangu hapo ubishi ukaanza kuisha: maji yalikuwa yakisukumwa na mwili wenyewe. Grant huyo ndiye aliyelipa kundi hili jina Porifera, yaani wenye vitundu, na ndiye aliyekuwa akimchukua kijana Charles Darwin pwani kutafuta viumbe wa baharini.

Machi

Nimeanza na seli moja tu, kwa sababu injini yote iko hapo. Koanosaiti ni seli ndogo ya duara iliyokita kitako chake kwenye ute wa kati, na upande wa juu inachomoza mjeledi mmoja. Kuuzunguka mjeledi huo pamesimama ukosi uliofanywa na vinyuzi vyembamba 30 hadi 40 hivi, vilivyopangwa bega kwa bega na mianya myembamba mno katikati.

Mishale ya mchoro huu nimeifuta na kuichora upya hadi karatasi ikachakaa, maana hapa ndipo michoro mingi inapoteza maana. Maji hayaingii kwa juu ya ukosi. Mjeledi unapopiga mawimbi kutoka shinani kwenda nchani, unayasukuma maji yaliyo ndani ya ukosi yatoke kwa juu, na mahali pake panajazwa na maji yanayovutwa kutoka nje kupitia mianya ya vinyuzi. Chakula, basi, kinanaswa kwenye uso wa nje wa ukosi, kinateremka hadi kwenye mwili wa seli, na seli inakimeza. Ukikosea mwelekeo wa mshale mmoja, msomaji haelewi tena kwa nini ukosi upo.

Kinachonaswa hapo ni kidogo sana: chembe za kuanzia sehemu ya kumi ya maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hadi maikromita moja na nusu, yaani bakteria na vipande vidogo vya mabaki. Chembe kubwa zaidi, za maikromita 5 hadi 50, hazifiki huko. Zinamezwa na seli zinazotandika kuta za njia, au na seli zinazotambaa chini yake. Zilizo kubwa kuliko hizo zinazuiwa mlangoni, kwenye vitundu vya kuingilia. Kwa hiyo mnyama mmoja ana vichujio vya ngazi tatu, na hana tumbo mahali popote: umeng'enyaji wote unafanyika ndani ya seli moja moja.

Katika miaka ya 1860 Henry James-Clark aligundua kwamba koanosaiti zinafanana mno na viumbe vya seli moja vinavyoitwa koanoflajelata, ambavyo navyo vina mjeledi uliozungukwa na ukosi. Leo vipimo vya jeni vinaonyesha kwamba viumbe hivyo ndivyo ndugu wa karibu kuliko wote wa ufalme mzima wa wanyama. Nimevichora pembeni, kwa kipimo kile kile, bila maelezo marefu. Jicho linatosha.

Jambo moja zaidi kuhusu seli hizi, ambalo sikutaka likose nafasi. Katika sifongo wa matumbawe anayeitwa Halisarca caerulea, koanosaiti hugawanyika kila baada ya saa 5 hadi 6, na za zamani hudondoka na kutolewa nje na maji. Jasper de Goeij na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba sifongo wa namna hii hufyonza viini vya lishe vilivyoyeyuka majini, ambavyo wanyama wengi hawawezi kuvitumia, kisha huvirudisha vikiwa seli zilizokufa, na kaa, konokono na wengineo wakapata chakula. Hivyo mshale unaotoka kwenye tundu la juu nimeuongezea chembe chembe. Maji yanayotoka si matupu.

Aprili

Mwenzangu aliuliza swali ambalo limetushughulisha kuliko mengine yote. Mjeledi ni mdogo kiasi hiki, haupigi kwa kufuatana na wenzake, hakuna vali wala misuli ya kusukuma. Basi maji yanayotoka juu yanaupata wapi mwendo wa kuruka namna ile?

Jibu liko kwenye eneo la njia. Maji hayabanwi, kwa hiyo kiasi kinachoingia kwa sekunde ndicho kinachopita katika kila hatua na ndicho kinachotoka. Njia ikipanuka mwendo unapungua, ikifinywa unaongezeka, kama mto unaotulia ukifika tambarare na kukimbia ukiingia kati ya majabali. Sasa angalia vipimo vya Leuconia, sifongo mdogo mwenye kimo cha sentimita 10 na upana wa sentimita 1. Maji yanaingia kupitia njia ndogo zipatazo 81,000, kwa mwendo wa sentimita 0.1 kwa sekunde. Yanafika kwenye vyumba vyenye mijeledi, ambavyo ni zaidi ya milioni mbili, na humo yanajikokota kwa sentimita 0.001 kwa sekunde. Kisha njia zinaungana, zinaungana tena, na maji yanatoka kwenye tundu kuu kwa sentimita 8.5 kwa sekunde. Kwa siku nzima yanapita lita 22.5.

Nimezirudia hesabu hizo daftarini ili nijue bango lichorwe kwa uwiano gani. Lita 22.5 ni sentimita za ujazo 22,500. Ukizigawa kwa sekunde 86,400 za siku unapata 0.26 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa mwendo wa kila hatua, na jumla ya eneo la njia inajitokeza yenyewe. Penye milango ya kuingilia ni sentimita za mraba 2.6. Vyumbani ni 260. Kwenye tundu la kutokea ni 0.03 tu. Maana yake jumla ya eneo la vyumba ni mara 8,500 ya eneo la tundu la juu, na yote hayo yamejificha ndani ya mwili usiofika sentimita 8 za ujazo. Mwili huo unapitisha maji ya ujazo sawa na wake kila nusu dakika, mchana na usiku.

Tulipoziandika namba hizo ubaoni tulinyamaza kidogo, kisha mpango mzima wa bango la pili ukabadilika. Nilikuwa nimekusudia kuchora nyama na kuipitishia mishale. Sasa nitachora utepe mmoja wa maji unaoanza kwa vijito vyembamba, unapanuka mno katikati, kisha unafinywa hadi kijia kimoja, na nyama itakuwa kivuli cha kijivu pembeni. Msomaji aone kwamba chumba ni mahali pa kutulia: maji yanakwenda polepole kiasi cha kutosha kila bakteria kupita karibu na ukosi na kila seli kupata oksijeni. Aone vilevile kwamba mwendo wa kutoka una sababu. Maji yaliyokwisha kuchujwa yanarushwa mbali, yasije yakavutwa tena ndani.

Mwenzangu naye amebadilisha mfano wake. Badala ya kufinyanga sifongo mwenye matundu, atamimina risini kwenye kalibu ya njia peke yake, yaani mfano wa uwazi bila mwili. Bluu kwa njia za kuingia, manjano kwa vyumba, nyekundu kwa njia za kutokea. Naliona hili kuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya hadi sasa.

Kuna nyongeza ya fizikia ambayo nimeiwekea mchoro mdogo. Steven Vogel alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mkondo wa bahari wenyewe unamsaidia sifongo. Maji ya nje yanakwenda kasi zaidi juu, mbali na mwamba, kuliko chini karibu na sakafu, na tofauti hiyo inayavuta maji yatoke kwenye tundu lililoinuka. Ndiyo sababu tundu kuu mara nyingi liko kileleni, au limenyanyuliwa juu ya kishina. Umbo la nje nalo linasukuma.

Aprili, mwishoni

Maumbo matatu ya vitabuni yamekaa kwenye ukanda mmoja mwembamba: askonoidi, ambamo koanosaiti zinatandika ukumbi mmoja wa kati, sikonoidi, ambamo ukuta umekunjwa na koanosaiti zimehamia kwenye mikunjo, kama ilivyo kwa jenasi Sycon, na lukonoidi, ambamo vyumba vidogo vya duara vimetapakaa mwilini kote. Sababu ya kukunja ni moja. Mwili ukikua, ujazo unaongezeka haraka kuliko eneo la kuta, kwa hiyo ukumbi mmoja hauwezi kulisha mnyama mkubwa. Nimekataa kuweka mishale kati ya maumbo hayo, maana mishale ingemfanya msomaji adhani ni ngazi za ukoo. Sivyo. Ni namna za kupanga njia, na mbili za kwanza utazipata kwa sifongo wa kalsiamu, yaani wale ambao miiba ya mwili wao ni ya kalsiamu kaboneti.

Mei

Mwezi wa spikuli, na sikutaka uishe.

Spikuli ni vijiti na miiba midogo inayoushikilia mwili usianguke na kuzifunga njia zake. Kuzipata ni rahisi. Unakata kipande kidogo cha sifongo mkavu, unakitia kwenye kichupa, unamiminia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, unaacha. Nyama inayeyuka, spikuli zinatuama chini kama vumbi jeupe. Unamwaga dawa taratibu, unasuuza kwa maji mara kadhaa huku ukingoja zituame kila mara, unamalizia kwa alkoholi, kisha unaweka tone kwenye kioo cha hadubini na kuliacha likauke. Suuza sana kabla ya hatua inayofuata, kwa sababu klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu.

Hatua inayofuata ndiyo asidi. Tone la siki kwenye spikuli za kalsiamu kaboneti huleta mapovu na spikuli zinapotea. Kwenye spikuli za silika halifanyi chochote. Kwa tone hilo moja unajua kama ulichonacho ni wa ngeli ya Calcarea au la. Katika ngeli nyingine tatu, Demospongiae, Hexactinellida na Homoscleromorpha, spikuli kama zipo ni za silika, yaani za asili moja na kioo. Nasema kama zipo kwa sababu sifongo wa kuogea, wa jenasi Spongia na Hippospongia, hawana spikuli kabisa. Wameshikiliwa na nyuzi za protini iitwayo sponjini, na ndiyo maana wanakuwa laini mkononi wakishasafishwa.

Maumbo yenyewe yananipa kazi nzuri. Vijiti vilivyochongoka ncha mbili, pini zenye kichwa, nyota, ndoano, vijiti vya miale mitatu, minne, sita. Wataalamu wa uainishaji wamezitegemea kwa muda mrefu kwa sababu umbo la nje la sifongo hubadilika kulingana na mkondo na kina, lakini spikuli hubaki na mtindo wa spishi. Kwenye bango nimezipanga kwa kipimo, kubwa zinazobeba mwili upande mmoja, ndogo zinazojaza nafasi upande wa pili.

Namna zinavyotengenezwa imenichukua kurasa kadhaa. Spikuli ya kalsiamu yenye miale mitatu huanzishwa na seli tatu zinazokutana. Kila moja inagawanyika, zinakuwa sita, na kila jozi inajenga mwale wake hadi mwisho. Spikuli ya silika hukua kuzunguka uzi mwembamba wa protini ulio katikati, na sehemu ya protini hiyo, silikateini, iliyoelezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ni kimeng'enya kinachosaidia silika iliyoyeyuka majini igande. Sifongo hutengeneza kioo ndani ya maji ya bahari, kwa joto la bahari. Viwanda vinahitaji tanuri.

Kisha kuna sifongo wa kioo wenyewe, Hexactinellida, ambao spikuli zao zina miale sita. Monorhaphis chuni wa kina kirefu hujenga spikuli moja kubwa inayoweza kufika urefu wa mita 3, na kuna moja ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 11,000 hivi kutokana na kemia ya tabaka zake. Euplectella aspergillum hufuma spikuli zake kuwa wavu wa miraba ulioimarishwa kwa mishazari, na ndani yake mara nyingi hukaa jozi ya uduvi, dume na jike, walioingia wakiwa wadogo wakakua hadi wasiweze kutoka. Ukanda huu wa bango umezidi nafasi niliyoutengea. Sitaupunguza, nitapunguza maandishi.

Juni

Kati ya ngozi ya nje na kuta za njia kuna mesohili, ule ute wa kati niliokwisha kuutaja. Michoro mingi huuacha mweupe, na msomaji anadhani hamna kitu. Ukweli ni kwamba humo mna msongamano: nyuzi za kolajeni, spikuli, bakteria, na seli zinazotambaa huku na huku. Katika baadhi ya spishi bakteria hukaribia asilimia 40 ya uzito wa mnyama, na baadhi yao ndio wanaotengeneza kemikali zinazomkinga sifongo asiliwe.

Seli ninayoipa nafasi kubwa ni akeosaiti. Inatambaa, inapokea chakula kutoka kwa koanosaiti, inakimeng'enya, inakigawa, na inaweza kugeuka kuwa karibu seli ya aina nyingine yoyote. Mwaka 1907 H. V. Wilson alikamua sifongo hai kupitia kitambaa chembamba cha hariri hadi zikabaki seli moja moja na mafungu madogo kwenye maji. Seli zilitambaa, zikatafutana, zikashikamana, na baada ya muda sifongo wapya wenye njia na vyumba wakajijenga. Jaribio hilo nimelichora kwa picha nne mfululizo, na naamini ndilo wanafunzi watakalosimama mbele yake muda mrefu zaidi. Linabadilisha swali. Huulizi tena seli hizi zimepangwaje. Unauliza zinajuaje kujipanga upya.

Sehemu ya jibu ilitoka Japani mwaka 2015, kwa sifongo wa maji baridi Ephydatia fluviatilis. Watafiti walirekodi seli maalumu zikizibeba spikuli zilizokomaa, zikizitoboza kwenye ngozi ya juu na kuzisimamisha, huku seli nyingine zikifunga shina la kila spikuli kwa kolajeni. Hakuna msimamizi. Kila seli inafanya kazi ya pale ilipo, na paa linainuka.

Juni, mwishoni

Rangi za mesohili zimeamuliwa: akeosaiti zambarau, watengeneza spikuli kijani, bakteria nukta nyeusi.

Julai

Bango la nne linahusu kujibu bila neva. Sifongo huonekana ametulia tuli, lakini picha zilizopigwa kwa vipindi zinaonyesha mwingine. Tethya wilhelma, wa duara, hujikaza na kulegea kwa mzunguko wa saa kadhaa, mwili mzima. Ephydatia muelleri wa maji baridi hutanua njia zake kisha huzibana na kutoa nje kilichoziba. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba kwenye ukingo wa tundu lake la kutokea kuna vinyweleo vifupi visivyosogeza maji, na kwamba vikiondolewa sifongo hashtuki tena. Vinyweleo hivyo vinahisi mkondo. Nimefurahi kuviona pale vilipo, mahali ambapo maji yote ya mwili yanakutana. Kama ningetafuta mahali pamoja pa kupimia hali ya mnyama mzima, ningechagua papo hapo.

Sifongo wa kioo ana njia yake. Sehemu kubwa ya nyama yake haikugawanyika kwa kuta za seli, ni kitu kimoja kilichoungana mwili mzima. Kwa hiyo mshtuko wa umeme unaweza kusafiri humo. Sally Leys na George Mackie waliurekodi mwaka 1997 katika Rhabdocalyptus dawsoni: mguse, au yafikishe matope kwake, na mijeledi yote inasimama. Mwendo wa mshtuko huo ni kama sentimita 0.27 kwa sekunde, polepole sana ukilinganisha na neva, lakini unatosha kufunga pampu kabla njia hazijajaa tope.

Mwaka 2022 ukaongezeka mfano wa Aplysina archeri wa Karibi, ambaye hutoa kamasi zenye taka kupitia vitundu vya kuingilia, zikisafiri kinyume cha mkondo, kisha hujikaza na kuzimwaga nje. Samaki na wanyama wengine wadogo wa baharini huzila. Hapo imenibidi kuchora mshale mwekundu unaokwenda kinyume na bluu, wa pekee katika mabango yote.

Ya uzazi yamekaa kwenye ukanda mfupi, kwa kuwa yanafuata njia ile ile. Sifongo wengi ni huntha, yaani mwili mmoja hutoa mayai na mbegu za kiume. Mbegu za kiume, ambazo mara nyingi hutokana na koanosaiti zilizobadilika, hutolewa na maji kwenye tundu la juu, zikavutwa ndani na sifongo mwingine pamoja na chakula. Katika sifongo wa kalsiamu koanosaiti huinasa mbegu bila kuimeng'enya, huacha ukosi na mjeledi wake, hutambaa hadi lilipo yai na kuikabidhi. Kiluwiluwi kinachozaliwa huogelea kwa saa chache au siku chache, kinajibandika mahali, na huko ndiko kitakapoishi. Wengine wanazaliana kwa machipukizi na kwa vipande vilivyovunjika.

Agosti

Bango la mwisho lilitugawa. Ni la sifongo wala nyama, wa familia ya Cladorhizidae. Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walieleza mwaka 1995 sifongo mdogo kutoka pango la chini ya maji katika pwani ya Ufaransa ya Mediterania, asiye na koanosaiti wala njia za maji. Ana nyuzi nyembamba zilizojaa spikuli za ndoano. Kamba mdogo akigusa ananaswa, seli zinatambaa hadi alipo, zinamfunika, na kwa siku kadhaa zinammeng'enya pale pale.

Mwenzangu alitaka tumwache. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba mradi wetu umejengwa juu ya maji na huyu hana maji ya kuchora. Mimi nilishikilia abaki. Jamaa zake wengi wanaishi kwenye kina kirefu, ambako chembe za chakula ni chache mno kiasi kwamba kusukuma maji kutwa kucha hakulipi. Njia ilipoondoka, umbo lote liliondoka nalo: hakuna ukumbi, hakuna tundu kuu, kimebaki kishina chenye matawi, kwa sababu sasa mwili unatakiwa kufika mbali. Chondrocladia, jamaa yake, bado ana mabaki ya njia za maji, naye huzitumia kujaza vifuko vya duara mwilini. Ukimweka karibu na Leuconia, tofauti ya maumbo inaeleza kazi ya maji kuliko aya zangu zote. Mwenzangu amekubali, kwa sharti kwamba bango hilo lisiwe na bluu hata mahali pamoja, isipokuwa ndani ya vifuko vya Chondrocladia.

Hali ilivyo sasa: mabango manne yamekwisha kutiwa wino, la wala nyama limefika kwenye penseli. Mfano wa risini umetoka kwenye kalibu, vyumba vya manjano vimeshikamana vizuri, ila njia mbili za kutokea zimekatika na zitaunganishwa upya. Limebaki pia ukanda wa gemuli, zile mbegu ngumu za sifongo wa maji baridi zenye akeosaiti zilizofungwa ndani ya ganda la sponjini na spikuli, ambazo huvumilia baridi na ukame na kuchipua hali ikitengemaa. Nitazichora kwa mkato, tundu dogo la kutokea seli likiwa limeelekezwa kwa msomaji. Baada ya hapo ni kuweka mistari ya vipimo kwenye kila picha, kuanzia maikromita moja ya ukosi hadi mita 3 za Monorhaphis, na kuyapeleka mabango yote kwa mwalimu wa zuolojia akague majina ya seli kabla ya kuchapwa.